Mwachie, Alisema Mwalimu

Mwalimu alikuwa na vidole vifupi na kucha alizozikata hadi karibu na nyama, na kwenye kidole gumba cha kulia alikuwa na sugu. Wageni walidhani ni sugu ya kisu, kwa sababu mtaani kwetu Izia kila mtu alijua kwamba yeye ni mpishi. Haikuwa ya kisu. Ilikuwa sugu ya gemu.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Sikumwuliza, na yeye hakuwa mtu wa kujieleza. Alifundisha sayansi kimu katika shule ya wasichana hadi alipostaafu, na jina la kazi likamgandia. Mtaa mzima tulimwita Mwalimu. Mumewe pia alimwita Mwalimu. Yeye alimwita mumewe Dereva, na aliendelea kumwita hivyo hata baada ya shirika la umma lililokuwa likimwajiri kufungwa, malori yakauzwa kwa watu binafsi na madereva wakaambiwa warudi makwao.

Mimi nilimhitaji kwa sababu zangu. Niliishia darasa la saba. Mengine nimejifunza mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima parokiani na magazeti yaliyofungiwa maandazi, na mtu aliyejifunza hivyo hana wa kumwambia kwamba amefika. Kila kitu nakifanya mara ya pili, nikiogopa kwamba mara ya kwanza niliacha kasoro ambayo wote wanaiona isipokuwa mimi. Nikipika naonja mpaka ulimi unakufa ganzi. Nikifagia ua narudia, halafu nasimama mlangoni kuutazama kwa macho ya mgeni. Nilipochumbiwa na fundi cherehani wa sokoni, hofu ilizidi, nikaenda kwa Mwalimu.

"Unataka nikufundishe kupika au kuolewa?" aliniuliza.

"Vyote, Mwalimu."

"Kupika kuna mambo mengi. Kuolewa kuna neno moja tu."

Neno lenyewe lilikuwa mwachie.

Lilimtosha kwa kila jambo. Mume akitaka kichwa cha samaki wa mgebuka ambacho na wewe unakipenda, mwachie. Akisema leo hainyeshi, na wewe umeshaliona wingu upande wa Kasense, mwachie, anua nguo zako kimya kimya. Akisimulia kisa ulichokwisha kukisikia, mwachie, na ucheke pale pale ulipocheka zamani. "Akishinda humu ndani," alisema akigonga meza kwa mwiko, "hana sababu ya kwenda kugombana huko nje." Nilikubali kila herufi. Nilikuwa natafuta kanuni, na hii ilikuwa fupi, rahisi kukariri.

Kabla ya ndoa, fundi wangu alinishonea gauni. Lilinibana kwapani kiasi kwamba sikuweza kunyanyua mikono nikajifunga kilemba. Alisimama mbele yangu na futi yake shingoni, amekunja mikono, anasubiri. Nikasikia sauti ya Mwalimu kichwani. Nikamwambia limenikaa barabara. Alifurahi mpaka akapiga mluzi. Tangu siku hiyo hakunipima tena. Kila gauni alilonishonea alilikata kwa vipimo vile vile, na kila moja nikalisifu. Usiku nilipaka mafuta ya nazi kwenye michubuko. Nilijiambia kwamba hiyo ndiyo ndoa, na kwamba nikiwa na shaka ninachotakiwa kufanya ni kutazama nyumba ya Mwalimu.

Kwa kweli nyumba ile ilikuwa na raha. Miezi ya baridi, upepo wa huku kwetu unapopita chini ya mlango kama unadai chumba, waliingiza jiko la mkaa sebuleni na sufuria ya maharage juu yake, wakakaa kuyasubiri kama watu wanaosubiri mgeni wanayempenda. Maharage yakiiva, Mwalimu aliyaunga kwa karanga alizotwanga mwenyewe, na ugali wa ulezi uliwekwa katikati, mweusi, unang'aa. Mvua zikianza alijua nani anauza uyoga mzuri na nani anachanganya. Aliupika na chumvi tu, akisema kwamba nyanya ni za kuficha vitu vilivyolala. Alionja mchuzi kwa kuudondoshea nyuma ya kiganja, akaulamba, akafumba macho. Nilikuwa nayaangalia macho yale kuliko sufuria. Nikipika mimi, yalipofumbuka alisema, "Kizuri, mwanangu." Kila mara. Nilirudi kwangu nikiwa mwepesi, na wepesi huo ulinitosha mpaka jioni.

Jumapili alipika Dereva. Aliwatoa wote jikoni, akapika pilau aliyojifunza kwa utingo mmoja huko Tunduma, katika maegesho ya malori. Aliweka karafuu mpaka ulimi unawaka na ndimi zetu zikafa ganzi kama za watu waliotoka kung'olewa meno. Mwalimu alikula, akaongeza, akasema, "Dereva, leo umejipita." Sisi majirani tuliokaribishwa tukafuata nyayo.

Siku moja sokoni nilikutana na muuguzi aliyewahi kusoma kwake. Nilimtajia Mwalimu, akashika kifua.

"Yule mama! Alikuwa anamwaga mchuzi wako kwenye ndoo ya makapi darasa zima likiona. Unapika upya huku unalia. Mimi nilirudia keki mpaka nikaichukia ngano."

"Mbona mimi haniambii kitu?"

"Basi una bahati. Sisi tulikuwa tunamwogopa kuliko mkuu wa shule."

Nilirudi nyumbani nikiwa na kiburi cha siri. Niliona kwamba mimi, wa darasa la saba, napika kuliko wale waliovaa sare za sekondari. Kiburi hicho nilikilea kwa muda mrefu. Nakitaja hapa kwa kuwa ndicho kilichoniuma baadaye.

Sasa habari ya gemu. Ilikuwa miaka ile maduka ya mjini yalipoanza kujaa vitu ambavyo zamani tulivisikia tu: redio za kaseti, pasi za umeme, na tivii zilizopangwa dirishani. Dereva alikuwa ameachishwa kazi na alitaka kitu kizuri nyumbani, akanunua tivii. Akasimamisha mlingoti mrefu wa antena uani, na kila asubuhi aliuzungusha huku akipaza sauti, "Vipi sasa?" Mwalimu akajibu kutoka ndani, "Chenga!" Watoto wa mtaa walikariri. Dereva akipita tu njiani utasikia nyuma ya ua, "Vipi sasa?" na mwingine anajibu, "Chenga!" Hakukuwa na kituo kilichofika kwetu. Alirudi dukani kulalamika, kwa mfanyabiashara ambaye familia yake ilikuwa na maduka na malori. Alitusimulia mwenyewe walivyojibizana.

"Mzee wangu, tivii haina kosa. Kosa ni la milima."

"Kwa hiyo nihamishe milima?"

"Chukua gemu. Gemu haingoji mnara."

Ndivyo mashine ile ilivyoingia Izia: kiboksi cheupe, kanda moja ya mashindano ya magari, na pedi mbili, vile vidude vya kubonyeza kwa vidole gumba. Jumapili baada ya pilau, kama umeme haukukatwa kwa mgao, mume na mke waliotosha kuitwa babu na bibi waliketi mkekani bega kwa bega, nyaya zimewazunguka miguuni.

"Mwalimu, toka barabarani, lori linakuja!"

"Lori gani hilo, halina breki, halina dereva?"

"Subiri kona."

"Nasubiri nini, nimeshakupita."

"Nimesema subiri kona!"

Na kwenye kona ya mwisho gari la Mwalimu liligonga ukuta. Kila Jumapili. Dereva alijipiga paja, akacheka mpaka akakohoa. "Mwalimu na kona!" Naye Mwalimu alitazama chini akitabasamu, na mimi, nikiwa mlangoni na sahani mkononi, nilitamani nizeeke haraka ili nifike pale.

Siku moja ya katikati ya wiki nilikwenda kuazima unga, Dereva akiwa stendi kutafuta vibarua. Nilimkuta Mwalimu peke yake mbele ya tivii. Gari lake lilipita kwenye kona kama limepakwa mafuta. Halikugusa ukuta hata kidogo. Aliponiona hakuzima.

"Hili hujaliona," alisema.

"Sijaliona, Mwalimu."

"Alipoachishwa kazi alikuwa hasemi. Alikaa hapo mlangoni anasikiliza magari ya barabarani, anataja injini. Hilo la tani saba. Hilo limechoka. Basi, hayo tu, kutwa nzima. Siku ya kwanza aliponifunga kwenye hii gemu alicheka. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningemwachia."

"Haya. Chukua unga."

Sikumwona kuwa mwongo. Niliona nimeonyeshwa ufundi wenyewe, jinsi kitambaa kinavyoonyeshwa upande wa ndani. Nilirudi nyumbani nikavaa gauni la kitenge lililokuwa linanibana kuliko yote, na mume wangu alipoingia nikazunguka mbele yake.

Halafu ikaja Krismasi, na mdogo wake Dereva akaja kutoka Mbeya. Alikuwa kijana wa suruali za jinzi na mambo vipi na poa, anayeita kila mtu mshikaji isipokuwa kaka yake. Sebule ilijaa. Dereva, kwa furaha ya kuwa na wageni, alijisifu jinsi anavyomfunga mkewe.

"Bro, unajisifia kumfunga shemeji?" kijana alisema. "Atakuwa anashika pedi kama mwiko! Huyo hata mbuzi anamfunga."

Watu wakacheka. Dereva naye akacheka, kicheko kifupi.

"Njoo, bro, nikufunge huku nakula."

Akamfunga huku anakula kweli, paja la kuku mdomoni, akabadilisha mkono kufuta mafuta na bado akashinda. "Dereva wa malori! Kumbe ulikuwa utingo!" Sebule ililipuka. Nilimtazama Dereva. Alikuwa anaangalia pedi mkononi mwake kama mtu aliyeshikishwa kitu cha mwenzake.

Mwalimu alifuta mikono kwenye khanga, akaja kutoka jikoni.

"Nipishe, Dereva."

Aliketi mkekani akaichukua pedi. Alimfunga yule kijana kona kwa kona, bila kusema kitu. Kijana akaomba tena, akamfunga tena. Paja la kuku likapoa kwenye sahani.

"Dah! Shemeji, noma!"

Mwalimu aliweka pedi chini. "Mimi ndiye ninayefungwa na kaka yako kila Jumapili," alisema. "Sasa jipime mwenyewe."

Ilikuwa hesabu nzuri. Alitaka kumrudishia mumewe heshima yake mbele za watu, na watu walipokea hivyo hivyo, wakapiga makofi, wakampigapiga Dereva mgongoni, bingwa, bingwa. Ila Dereva hakuwa anawatazama. Alikuwa anatazama vidole vya mkewe. Mtu aliyekaa kwenye usukani maisha yake yote akimwona mwenzake akiendesha anajua.

Wageni walipotawanyika nilibaki uani kuosha masufuria, mchana bado mweupe, dirisha liko wazi. Niliwasikia.

"Kona ya mwisho huigongi," Dereva alisema.

"Leo nimebahatisha tu."

"Mwalimu. Mimi namjua anayegonga na ninamjua anayejigongesha."

Nilisikia nyaya za pedi zikikusanywa.

"Na pilau?"

"Pilau ni nzuri, Dereva."

"Visa vyangu vya Tunduma? Huwa unacheka."

Hakujibu upesi. Angejibu upesi, labda mambo yangekwenda vingine.

"Kipi hukuniachia?" aliuliza Dereva. Sauti haikuwa ya ugomvi. Aliuliza kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali na hakikuwapo.

Hakumpiga, hakumtukana. Aliacha kucheza, na Jumapili hakuingia tena jikoni. Mwalimu akisifu chochote, shati lake, maji aliyochota, alijibu, "Asante, Mwalimu," kwa sauti ya mwanafunzi, na kila nilipoisikia niliona uso wa Mwalimu unapungua. Baadaye akapata kazi kwenye malori ya yule yule mfanyabiashara, njia ya Mpanda. Akawa anarudi kila mwezi, kisha sikukuu tu, kisha hata sikukuu hakurudi. Mtaa ulimtafuta mwanamke wa kumsingizia. Hakuwapo. Angekuwapo ingekuwa nafuu kwa wote.

"Ameachwa," walisema kisimani.

Mwalimu alilisikia neno hilo na akacheka kicheko kibaya. "Niliachia, niliachia, nikaachwa," aliniambia akimenya viazi. "Lugha yetu imenichezea."

Mimi nilimkasirikia. Najua si haki, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimejenga nyumba yangu juu ya neno lake, na sasa kila mara mume wangu alipokuja na kitambaa kipya nilianza kujiuliza. Niseme? Nikisema leo, ataniuliza kuhusu la jana. Nikinyamaza, iko siku ataona michubuko kwenye mwanga. Usiku nilipanga maneno, nikayapangua, nikayapanga vizuri zaidi, na asubuhi nikasema, "Limenikaa barabara."

Mwalimu aliifunga nyumba ya Izia akahamia Mollo, kwenye shamba la kaka yake. Nilikaa muda mrefu bila kwenda. Nilipokwenda, nilikuwa na swali moja tu la kumwuliza tukiwa wawili jikoni: nimwambie mume wangu, au niendelee? Nilipika migebuka kwa karanga, nikarudia mara mbili, nikaijaza kwenye hotpoti. Mume wangu akasema hawezi kuniacha niende peke yangu kwa mtu aliyenifunda, akanipakia kwenye baiskeli. Nilivaa gauni la kijani alilolimaliza juzi yake.

Njia ilikatiza mashamba ya mahindi, na mahali pamoja tukashuka kuwapisha ng'ombe wa Wasukuma waliohamia upande ule. Mwalimu tulimkuta barazani anachambua maharage. Alikuwa amekonda. Sugu ya kidole gumba ilikuwa imelainika.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Na mkwe wangu umekuja! Kaeni."

Hatukuwa wawili. Mume wangu alikaa kigodani katikati yetu, amefurahi, anaeleza habari za sokoni. Nilimpakulia Mwalimu. Akala tonge, akatafuna polepole. Nikaangalia macho yake kama zamani.

"Vitunguu hukuviivisha," alisema.

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Una haraka navyo. Unaogopa vitaungua, unatia nyanya mapema. Ndiyo maana mchuzi wako siku zote unanuka ubichi."

"Siku zote?"

"Tangu unachumbiwa."

"Mbona ulikuwa unasema kizuri?"

Alimeza kwanza. "Ulikuwa unanitazama mdomoni kama mgonjwa anayemtazama daktari. Nikakuachia."

"Wale wa shuleni ulikuwa unawamwagia."

"Wale nilitaka wajue kupika."

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo siwezi kulisahau. Alisema kama anayenipa mwisho wa somo alilonidai, akachota tonge lingine, akaendelea kula samaki wangu wenye vitunguu vibichi. Mimi nilikuwa nahesabu zile "kizuri" zote nilizokwenda nazo nyumbani, nikiziona moja moja zikigeuka. Nilitaka kumwuliza kile kile alichoulizwa na Dereva. Nilielewa kwa nini mtu anaweza kwenda Mpanda asirudi.

Mume wangu aliona nimenyamaza, akajaribu kuniokoa.

"Mwalimu, chakula tutakirekebisha," alisema akicheka. "Lakini gauni je? Simama, mama, akuone. Mwalimu, tazama lilivyomkaa."

Nikasimama. Mwalimu aliacha kutafuna. Alinitazama mabegani, halafu kwapani, mahali mshono ulipokuwa umevuta kitambaa, halafu usoni. Hakusema mwachie. Alishika tonge lake hewani akasubiri, na mume wangu naye alikuwa anasubiri, amekunja mikono vile vile.

"Linanibana," nilisema.

"Wapi?" mume wangu aliuliza.

"Kwapani."

Alilitazama gauni, akatabasamu kidogo, tabasamu la fundi anayejua kosa ni dogo. "Hili la kijani nililikata nina usingizi. Nitalifumua kesho."

Ningeweza kuishia hapo. Mlango ulikuwa wazi na yeye mwenyewe ndiye aliyeufungua.

"Yote," nilisema. "Yote yananibana. Hata lile la kwanza."

Maharage yaliyokuwa kwenye ungo wa Mwalimu yaliteleza upande mmoja, akayarudisha kwa kiganja. Mume wangu alitoa futi mfukoni. Hatoki bila futi. Aliinuka.

"Nyanyua mkono."

Nikaunyanyua mpaka mshono uliponizuia.

"Hapa?"

"Hapo."

"Na hapa?"

"Hapo pia."

Hakuniuliza kwa nini. Alinipima upya, kwapa, mgongo, kifua, kiuno, akitamka kila namba kwa sauti ya chini ili asiisahau, na muda wote huo hakunitazama usoni hata mara moja, kama anavyowapima wateja.